Kuku wa Mama Godbless na Majivu ya Nyaya

Eunike Sumari alikuwa na umri wa miaka sitini na mbili, magoti mawili yasiyoelewana, migomba ya kutosha, kahawa kidogo iliyobaki baada ya wenzake kuing'oa ya kwao, na jina. Jina lenyewe alilipata kwa kuku. Kitongoji chao kizima, juu kidogo ya Makumira, kilijua kwamba mtetea wa Mama Godbless, kama walivyomwita, akilalia mayai kumi na mawili, utahesabu vifaranga kumi na wawili. Wengine wakipata saba walimshukuru Mungu. Yeye akipata kumi na mmoja alinuna siku nzima na hakutaka kusalimiwa.

Watu walikuja kutoka mbali kuomba vifaranga vya mbegu. Siku moja afisa mifugo wa kata alimleta mgeni mwenye kofia kubwa, na mgeni huyo akaandika mambo mengi kwenye daftari, akanywa chai vikombe vitatu, akaondoka bila kujua lolote. Eunike alimwonyesha mgeni yule mayai, akamwonyesha viota alivyotengeneza kwa madebe yaliyokatwa, akamwonyesha hata jinsi ya kumulika yai kwa tochi ya simu ndani ya stoo iliyofungwa mlango ili kuona kama lina uhai. Jambo moja tu hakumwonyesha, nalo ndilo lilikuwa lenyewe.

Siri yake ilikuwa majivu. Chini ya nyasi za kila kiota alitandaza majivu ya kuni, vidole viwili kwenda juu, na kwenye kona ya ua alikuwa na shimo la majivu matupu ambamo kuku walioga wakati jua likiwa kali. Viroboto na utitiri hawakukaa. Kuku anayewashwa huinuka kiotani kila mara kujikuna, na yeye akiinuka, mayai yanapoa. Kuku wa Eunike hawakuwa na sababu ya kuinuka. Mambo ni hayo tu, na mtu yeyote angeweza kuyafanya, ndiyo maana hakumwambia mtu.

Matatizo yalianza na mapenzi ya mtoto kwa mama yake.

Godbless, mwanawe wa pekee, alikuwa fundi wa kusuka mota kule Sakina, kando ya barabara ya Nairobi. Krismasi moja alikuja na mtungi wa gesi na jiko la mafiga mawili, akatoa hotuba. Alisema moshi wa kuni unaua akina mama. Alisema mapafu ya mama yake hayana spea. Eunike alilia, akamshukuru, akaendelea kupikia kuni kwa siri hadi mwisho wa Januari. Halafu siku moja ya mvua akawasha ile gesi, chai ikachemka kabla hajaketi vizuri, na kuanzia hapo kuni hazikurudi tena jikoni. Majivu nayo yakaisha. Kufikia Machi kuku walikuwa wanajikuna mchana kutwa, na Eunike alikuwa anazunguka kwa majirani akiomba majivu na kusema ni ya kuhifadhia maharage.

Mwezi huohuo Godbless alikatazwa kuchoma nyaya Sakina. Kazi yake ilimpa nyaya chakavu nyingi, na njia ya haraka ya kupata shaba iliyomo ndani ni kuzichoma mpaka plastiki iishe. Majirani walilalamika kwamba moshi unadondosha weusi kwenye nguo walizoanika, mwenyekiti wa mtaa akaja na watu wawili, Godbless akapigwa marufuku. Kwa hiyo akaanza kuazima kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kila Jumamosi na kuzileta nyaya nyumbani, kwenye shimo la chini ya kahawa ambamo marehemu baba yake alikuwa akimwaga maganda.

"Huku hakuna watu," alisema Godbless akiangalia huku na huku.

Mama yake alikuwa amesimama pembeni yake.

Moto ulipozimika, shimoni palibaki majivu ya kijivu kilichokolea, laini kabisa, mengi kuliko yale ambayo jiko la kuni lingetoa kwa miezi miwili. Eunike aliyashika, akayasugua kwenye kiganja. Akamuuliza mwanawe kama anayahitaji. Godbless alisema, "Chukua tu mama, mbona freshi, mimi nataka shaba." Alifurahi kwamba hakuna kilichopotea. Eunike aliyachekecha kwa chekecheke kuukuu, vipande vya shaba vilivyobaki akavitia kwenye kopo na kumrudishia mwenyewe, maana yeye si mtu wa kuchukua cha mtu. Kisha akayatandaza kwenye viota na kujaza shimo la kuogea. Viroboto walikufa ndani ya siku mbili. Hajawahi kuona majivu yanayofanya kazi namna ile. Hakumwambia jirani hata mmoja, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake uchoyo wa Eunike Sumari ukawa na faida kwa kitongoji.

Mwezi wa nne habari zikaja kwamba Vaileth ana mimba.

Vaileth alikuwa mke wa Godbless. Walifunga ndoa miaka minne kabla, na kwa miaka hiyo yote Eunike alijitahidi asiulize swali ambalo macho yake yalikuwa yanauliza kila alipomwona. Alimpenda yule binti kwa kiasi. Alimwona mwembamba mno, kucha zake zina rangi, na ana tabia ya kusema "ndiyo mama" haraka mno, kabla hata hujamaliza kumwambia jambo. Eunike alikuwa na hakika, ingawa bila ushahidi, kwamba mtu anayekubali haraka hivyo hafanyi alichokubali.

Lakini mimba ni mimba. Eunike alipiga magoti yake mabovu, akamshukuru Mungu, akainuka kwa kushikilia kitanda, akaenda bandani kuchagua mayai. Kila Jumamosi Godbless alirudi Sakina na mayai kumi na manne. Mawili kwa siku, ya kuchemsha, yenye kiini cha njano hasa, si yale ya dukani. Na kila jioni Eunike alipiga simu.

"Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Mawili?"

"Mawili, mama."

"Na kiini chake? Usije ukawa unakula cheupe tu. Mtoto anajengwa na kiini."

"Ndiyo mama."

Mtetea wa kwanza kulalia majivu mapya alikuwa yule wa madoadoa, kuku wa heshima aliyekuwa hajapata kumwangusha. Siku ya saba Eunike alimulika mayai kumi na mawili, yote yalikuwa na uhai, mishipa imetanda vizuri. Siku ya ishirini na moja alienda bandani alfajiri na bakuli la chenga za mahindi, akakuta kimya. Siku iliyofuata wakatoka wawili. Mmoja alikuwa na mdomo uliopishana, wa juu umeenda kushoto na wa chini kulia, kama mkasi uliolegea msumari. Wa pili shingo yake ilikuwa imevimba, laini, imejaa maji chini ya ngozi, na alikufa kabla ya saa nne. Mengine hayakufunguka. Eunike aliyavunja moja baada ya jingine. Ndani mlikuwa na vifaranga kamili, wenye manyoya, waliokufa wakiwa wamebakiza siku moja au mbili watoke.

Alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa kwa muda mrefu. Halafu akaamua kwamba kosa ni la mtetea. Akamchinja, akamla Jumapili kwa ndizi, akaona nyama haina tatizo.

Mtetea wa pili alipoangua watatu kati ya kumi na wawili, akalaumu radi, maana wiki hiyo mlimani kulinguruma sana na kila mtu anajua radi huua mayai. Wa tatu alipoangua wawili, akalaumu jogoo, akamwondoa na kuazima jogoo wa jirani. Na kila mara, kwa sababu yeye ni mtu msafi, alitoa nyasi zote, akasugua madebe, na kuweka majivu mapya ya Jumamosi ile, vidole vitatu badala ya viwili.

Mwezi wa nane, kuku wa nne alitoa kifaranga mmoja kati ya kumi na watatu, na huyo mmoja hakuweza kudonoa. Eunike alijaribu kumlisha uji kwa kijiti. Uji uliingia upande mmoja ukatokea mwingine. Alikufa mkononi mwake siku ya tatu, na Eunike alilia kwa sauti, peke yake bandani, kilio cha mtu aliyevuliwa kitu mbele ya watu, ingawa watu wenyewe walikuwa bado hawajajua. Ilikuwa Ijumaa. Akamtia yule kifaranga kwenye kopo tupu la siagi pamoja na mayai manne yasiyofunguka, akavaa kitenge cha safari, akaenda mjini kwa Daktari Jasmeet.

Daktari Jasmeet alikuwa daktari wa mifugo, Kalasinga wa kizazi cha nne pale Arusha, mwenye duka la dawa za mifugo ambalo babu yake aliliacha likiwa la majembe. Baba yake Eunike alinunua jembe lake la kwanza hapohapo, na kwa sababu hiyo familia hizo mbili zilijihesabu kuwa zinajuana.

"Shikamoo Mama Godbless."

"Marahaba mwanangu. Nimekuletea aibu yangu uitazame."

Jasmeet aliipeleka aibu ile chumba cha nyuma, akaivalia glavu, akaitandaza kwenye meza ya bati. Alifungua mayai. Alibonyeza shingo za vifaranga, akatazama midomo, akapasua mmoja kifuani na kumwonyesha Eunike maji yaliyouzunguka moyo. Aliuliza juu ya chakula, akaambiwa. Aliuliza juu ya chanjo, akaambiwa. Aliuliza dawa ya mahindi, dawa ya kahawa, maji ya mfereji.

"Na kiotani unawawekea nini?"

Eunike aligeuka akatazama mlango. Dukani kulikuwa na mteja mmoja anachagua dawa ya minyoo.

"Funga mlango kwanza," alisema. Mlango ulipofungwa akasema kwa sauti ya chini, "Majivu."

"Ya kuni?"

Hapo Eunike alikumbuka kwamba hajawahi kulisema jambo hili kwa mdomo wake. "Ya nyaya. Godbless anachoma nyaya, mimi nachekecha."

Jasmeet alivua miwani, akaiweka mezani karibu na vifaranga.

"Mama, plastiki ya nyaya ikiungua inazaa sumu. Kuna moja inaitwa dioksini. Huioni wala huinusi. Inaingia kwenye mafuta ya mwili na inakaa humo miaka. Kuku anaoga majivu, anadonoa majivu, yeye mwenyewe utamwona mzima, anakula, anataga. Lakini ile sumu inatoka naye kupitia kiini cha yai. Na kifaranga siku zote ishirini na moja chakula chake ni kiini hichohicho. Anakula sumu wakati ndiyo kwanza anaumbwa moyo, anaumbwa mdomo. Marekani kwenye maziwa yao makubwa, ndege wa majini waliwahi kuangua watoto wenye midomo kama hii. Na si ndege peke yao. Wamejaribu kwa panya, kwa nyani, kwa samaki. Mkubwa anavumilia. Anayeumia ni yule ambaye bado anatengenezwa."

Eunike alisikiliza yote. Alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Mayai yenyewe ya kula unampa nani?" aliuliza Jasmeet.

"Mkwe wangu. Ana mimba ya miezi sita. Mawili kila siku, tangu mwezi wa nne. Mimi mwenyewe nasimamia kwa simu."

 Mteja wa dawa ya minyoo aligonga, akaambiwa asubiri.

"Sitakudanganya," alisema Jasmeet. "Sijui ni sumu kiasi gani, na hapa hatuna pa kuipima, mpaka maabara ya nje. Inawezekana mtoto asipate kitu chochote, na watoto wengi hawapati kitu. Lakini asile tena hata moja. Kuku wote waue, uwafukie chini sana, mbali na mfereji. Usiwachome, mama. Na usile, usiuze, usimpe mtu."

"Nimeshamla mmoja," alisema Eunike.

"Wewe hujambo," alisema Jasmeet. "Nenda kwa mkweo."

Kutoka mjini hadi Sakina, kopo na kifaranga chake vikiwa mkobani, Eunike aliomba njia nzima, na lilikuwa ombi ambalo hajawahi kulisikia kanisani. Kwa miaka minne alikuwa amemshuku Vaileth kuwa ni mwongo, mtu wa kusema ndiyo na kufanya lake. Sasa alikuwa anamsihi Mungu iwe kweli. Alikumbuka dalili zote: ile "ndiyo mama" ya haraka, zile kucha, siku ile Vaileth aliposema amepika loshoro, chakula cha mahindi na maziwa ya mgando, na sufuria ilikuwa kavu. Kila dalili ilimpa nguvu. Hajawahi kumpenda mkwe wake kwa kasoro zake namna ile.

Alimkuta amekaa kizingitini anachambua mchicha, tumbo limeanza kumzuia kuinama. Nyuma yake, karakanani, Godbless alikuwa anagonga kitu.

"Shikamoo mama! Mbona hukusema kama unakuja?"

"Marahaba. Vaileth, yale mayai unakula?"

"Nakula, mama."

"Yote?"

"Yote, mama."

"Tangu mwanzo?"

"Tangu mwanzo. Mawili kila siku, na kiini chake."

Eunike aliketi kwenye ndoo iliyofunikwa. Alimtazama yule binti, na Vaileth akamtazama kwa uso safi kabisa, uso wa mtu aliyejiandaa kwa swali hilo kwa miezi minne.

"Vaileth mwanangu," alisema Eunike, "leo sijaja kukugombeza. Leo nakuomba kwa jina la Yesu uniambie kwamba ulikuwa unanidanganya."

Vaileth aliacha mchicha. Aliona mtego, tena mkubwa. "Mama, mimi siwezi kukudanganya."

"Jaribu kukumbuka. Labda siku moja moja."

"Hapana mama. Kila siku."

Godbless alitoka akijifuta mikono, akasikia nusu, akaamua kumtetea mkewe. "Mama, anakula kweli, mimi mwenyewe nimemwona anachemsha."

"Nyamaza wewe," alisema mama yake. Akafungua mkoba, akatoa kopo la siagi, akalifungua na kuliweka juu ya mchicha. Kisha akawaeleza yote aliyoambiwa na Jasmeet, kwa mpangilio, bila kuruka kitu, pamoja na majivu, pamoja na chekecheke. Vaileth alikuwa anatazama mdomo wa kifaranga. Alipeleka mkono tumboni, akauacha hapo.

"Nyaya?" alisema Godbless. "Mama, mimi nachoma nyaya mwaka wa nane huu, moshi nauvuta kifuani, na sijapata hata mafua."

"Wewe umeshaanguliwa, Godbless," alisema Eunike.

 Godbless alitazama tumbo la mkewe, kisha mikono yake mwenyewe, kisha akaenda kusimama upande wa pili wa uzio akiwapa mgongo.

Hapo ndipo Vaileth alipoanza kulia. "Mama, nisamehe. Sijala."

Eunike alishika ukingo wa ndoo. "Hujala lini?"

"Sijala kabisa. La kwanza nilitapika. La pili nilipolivunja tu harufu ikanipanda. Siku za mwanzo Godbless akiniona nachemsha, nilikuwa nampa yeye, namwambia mimi nimeshakula. Nilishindwa kukwambia, mama, vile ulivyokuwa unapiga simu kwa furaha. Nisamehe."

Na Eunike Sumari akacheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akainuka, magoti yakalia, akamkumbatia mkwe wake, mchicha na kopo vikaanguka chini. Alimwita mwanangu, alimwita mwongo wangu mzuri, alimshukuru Mungu kwa tumbo lisilopenda mayai. Vaileth alikuwa hajawahi kukumbatiwa na mama mkwe wake, na alisimama wima asijue mikono aiweke wapi. Yule bibi kwa dakika nzima alikuwa na furaha kuliko siku aliyomzaa Godbless.

Kisha akauliza, huku bado anajifuta macho, kwa kutaka tu kujua, "Sasa mayai yote hayo ulikuwa unayapeleka wapi?"

"Sikuyatupa, mama," alisema Vaileth upesi, akidhani hilo litamsaidia. "Ni dhambi kutupa chakula. Nilikuwa nayapeleka kanisani. Sadaka."

Kicheko kikafutika usoni pa Eunike.

Kila Mlutheri wa upande ule anajua sadaka ya vitu inavyokwenda. Unaleta mkungu wa ndizi, unaleta maziwa, kuku, boga, mayai. Ibada ikiisha, watu wanatoka nje, na vitu vinapigwa mnada palepale uwanjani kwa ajili ya kazi ya Bwana. Na mayai ya kienyeji kutoka upande wa Mlima Meru, yakifika mjini, hayalali.

"Kila Jumapili?" aliuliza Eunike.

"Kila Jumapili, mama. Watu wanayagombania. Mzee Ndesanjo anayeendesha mnada ananisifu mbele ya watu."

Kesho yake, Jumamosi, waliwafukia kuku. Godbless alichimba tangu asubuhi, mbali na mfereji, shimo la kumzidi kimo, na hakuna aliyemwambia lifike kina hicho. Kuku walikuwa ishirini na sita pamoja na jogoo wa jirani, ambaye ilibidi waende kumlipia kwa maelezo marefu. Eunike aliwachinja mwenyewe mmoja mmoja, kwa sababu hakutaka waogope mikono ya mgeni. Majivu yote ya shimo la kuogea na viota yalirudi ardhini pia, yakafunikwa udongo na mawe. Nyaya zilizokuwa zimebaki kwenye kirikuu Godbless alizirudisha Sakina, akaanza kuzichuna kwa kisu, moja moja. Kazi ya saa moja ikawa ya siku mbili. Hakulalamika, na kwa Godbless hilo lilikuwa jambo geni.

Jioni Vaileth alipiga simu. "Mama, kwani ni lazima kuwaambia watu kanisani? Tukanyamaza tu, tukaacha kupeleka? Tutaaibika."

"Nitakayeaibika ni mimi," alisema Eunike. "Wewe utakaa tu."

Jumapili alivaa gauni lake la Pasaka, akaenda kanisani kwa kina Vaileth. Alikaa ibada nzima asisikie neno, akiwatazama watu migongoni na kujiuliza nani amekula. Ibada ilipoisha, watu walitoka wakaizunguka meza ya mnada. Mzee Ndesanjo, mzee wa kanisa mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti, alikuwa ameshainua mkungu wa ndizi. Vaileth alimnong'oneza kwamba mama mkwe wake anaomba kusema neno. Ndesanjo alifurahi kupita kiasi.

"Ndugu zangu! Mnamwona mama huyu? Huyu ndiye mwenye yale mayai!"

Vigelegele vilipigwa. Mtu alisema Mungu akuzidishie mama. Eunike alisubiri viishe.

"Mayai yangu ni mabaya," alisema.

Watu walicheka kwa upole. Mwanamume mmoja wa nyuma alisema kwa sauti kwamba mwenye kitu kizuri hujishusha, na kama yapo leo yeye yuko tayari kuanza. Ndesanjo naye alitabasamu, mkungu bado uko mkononi.

"Sijishushi," alisema Eunike. "Nimekuwa mtu wa kujisifu maisha yangu yote, ulizeni kwetu. Kuku wangu walioga majivu ya nyaya zilizochomwa. Nyaya za mwanangu, majivu niliweka mimi. Yana sumu, inaingia kwenye kiini. Vifaranga wangu wametoka vilema, wengi wamefia ndani. Daktari anasema mtu mzima hadhuriki sana. Anayeogopewa ni mtoto aliye tumboni. Kuku wote nimewaua jana. Nimekuja kuwaambia, na kuwaomba msamaha, na kumwuliza kila aliyenunua."

Hakuna aliyecheka tena. Mwanamume wa nyuma alikuwa anatazama viatu vyake. Ndesanjo aliuteremsha mkungu polepole mpaka ukagusa meza. Watu walianza kugeuka na kutazamana, wakikumbuka ni nani hasa alikuwa akishinda mnada wa mayai Jumapili baada ya Jumapili, na macho yakaelekea upande mmoja wa uwanja.

Hapo, kwenye ngazi za kanisa, alikuwa amekaa mwanamke kijana aitwaye Naisula, mke wa dereva wa lori, kivuli cha ukuta kikimfunika miguu. Tumbo lake lilikuwa kubwa kuliko la Vaileth. Aliinua mkono juu, kama wanavyoinua wanaopandisha dau.

"Mimi, mama," alisema. "Mume wangu alikuwa anashindana na watu ili niyapate. Alisema yana nguvu."

Eunike alipita katikati ya watu akamfikia, akashuka kwa shida na kukaa naye kwenye ngazi. Alimshika ule mkono ambao ulikuwa bado haujateremka sawasawa. Swali alikuwa nalo moja tu, na alishawahi kujibiwa vizuri mara moja.

"Ulikuwa unayala kweli, mwanangu?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Au harufu ilikuwa inakusumbua? Niambie tu, sitachukia. Labda uliwapa wengine."

"Niliyala, mama," alisema Naisula. "Mawili kila siku, na kiini chake."

Eunike alimtazama usoni, kwa makini, akitafuta uongo. Haukuwepo.